Mrejesho: chanjo za walezi wa kituo cha watoto, Nyegezi

Wakuu, niliuliza hapa kwamba walezi sita wa kituo cha kulelea watoto mchana wachanjwe nini. Ahsanteni, hasa aliyesema tupime homa ya ini B kwanza. Watano hawana, mmoja anayo. Huyo chanjo isingemsaidia, ameanza kliniki. Kazini anaendelea, maana haiambukizwi kwa kula pamoja wala kubeba mtoto.

Ratiba ya chanjo ya homa ya ini B: dozi ya kwanza, ya pili baada ya mwezi 1, ya tatu miezi 6 baada ya ile ya kwanza. Wanne wamemaliza. Wa tano alikuwa kwao Ukerewe, ya pili ikachelewa miezi miwili. Hauanzi upya (nusura tuanze!), unaendelea ulipoishia, ila kati ya ya pili na ya tatu zipite angalau wiki 8.

Kilichokwama ni surua na rubela. Kadi za utotoni hakuna aliyenazo, na zahanati haikutaka kufungua chupa ya dozi 10 kwa watu sita, kwani ikifunguliwa inayobaki hutupwa zikipita saa 6. Bado tunafuatilia. Mjamzito asichomwe hiyo, ina virusi hai vilivyodhoofishwa.