Likizo ya familia Ziwa Bunyonyi: tulale kisiwani au ukingoni?

Baba wa Watatu, Jinja

Ndugu zangu, naomba ushauri wa wale waliokwisha kufika Kabale na Ziwa Bunyonyi, huko kusini-magharibi mwa Uganda, wakiwa na watoto. Shule zitakapofungwa mwishoni mwa Agosti, mke wangu nami tumekusudia kuipeleka familia huko kwa siku tano, na safari hii tutafuatana na mama mkwe, ambaye ana umri wa miaka 71, anatumia dawa za shinikizo la damu na magoti yanamsumbua. Binti yetu mkubwa ana miaka 14, wa pili ana 9, na kitindamimba ana miaka 4.

Sisi ni watu wa Jinja, kwa hiyo ziwa tumelizoea tangu utotoni, lakini milima hatuijui, na baridi hatuijui kabisa. Mke wangu anatamani tulale katika mojawapo ya visiwa kwa ajili ya utulivu wake. Mimi nahofia kwamba mtu akiugua usiku wa manane tutakuwa tumezungukwa na maji. Aidha, binti yetu amesoma habari za gorila wa msitu wa Bwindi na kila jioni ananiuliza kama tutapitia huko. Je, tulale wapi, na hayo ya Bwindi yanawezekana?

Mkiga wa Mjini

Karibuni sana kwetu, Baba wa Watatu. Nimekulia juu ya kilima kinacholitazama ziwa hilo, na jibu langu ni kwamba mlale ukingoni, upande wa bara, karibu na gati la Rutinda. Hofu yako ya usiku ni ya haki, lakini sababu yangu kubwa ni magoti ya mama mkwe.

Bunyonyi ni bonde lililozama. Zamani za kale volkano iliziba njia ya maji kwa lava, maji yakapanda taratibu hadi yakaviacha vilele vya vilima peke yake, na hivyo vilele ndivyo visiwa 29 tunavyoviona leo. Kwa hiyo kisiwa cha Bunyonyi si kama kile cha ziwa lenu la Viktoria, chenye ufuko wa mchanga na nyumba kwenye tambarare. Mtumbwi unakushusha chini kabisa, nyumba ziko juu mgongoni mwa kilima, na kati ya hapo na pale kuna ngazi, mara nyingi zimechongwa katika udongo na kuwekewa vipande vya miti. Mama yetu atazipanda siku ya kwanza kwa ari, siku ya pili atazipanda kwa heshima yenu, na siku ya tatu atabaki chumbani. Kisha mkumbuke kwamba ziwa liko karibu mita 1,960 juu ya usawa wa bahari, ilhali Jinja iko kwenye 1,200 tu au karibu na hapo, hivyo hata mtu mwenye afya nzuri huhema siku za mwanzo.

Jambo hilo hilo la bonde lililozama linamhusu kitindamimba wenu. Watu husema, na ni kweli, kwamba ziwa letu halina mamba wala kiboko, na kwa sababu hiyo wageni huwaachia watoto waingie majini bila wasiwasi. Lakini ukingo wake ni ubavu wa mlima unaoendelea kushuka chini ya maji. Hatua mbili maji yako magotini, hatua ya tatu mtu mzima hana pa kukanyaga. Mtoto wa miaka minne asisogee majini bila mkono wa mtu mzima, hata pale anapochezea kokoto tu.

Kuhusu baridi, bebeni sweta nzito, soksi na kofia ya sufu ya mtoto. Mchana jua ni kali na mtavaa fulana, lakini likishazama mtazitafuta blanketi. Asubuhi ukungu hulala juu ya maji hadi yapata saa tatu, ukiamka unaona vichwa vya visiwa tu vikiwa vimechomoza, na sauti ya kasia inakufikia kabla hujauona mtumbwi wenyewe. Mwamsheni mama mkwe aone hilo, akiwa amejifunika shuka lake barazani.

Nitaongeza neno moja juu ya majira. Kiangazi chetu ni Juni hadi Agosti. Mkija mwishoni mwa Agosti mnakaribia mvua za Septemba, na udongo wa Kigezi, yaani eneo letu hili la Kabale, ukilowa huteleza kama sabuni, kwa hiyo viatu vya soli laini mviache Jinja.

Mama wa Mbarara

Naunga mkono yote aliyoyasema ndugu Mkiga, ila nataka kusisitiza habari ya majaketi ya kuokolea, kwa kuwa yalitukuta. Mwaka tuliokwenda, tulimwuliza mwenye boti kwa simu kama ana majaketi ya watoto, akajibu kwamba yapo ya kutosha. Tulipofika gatini yalikuwa ya watu wazima peke yake, na mwanangu wa miaka mitano akavishwa moja hivyo hivyo. Nililishika jaketi mabegani nikalivuta juu: jaketi likapanda hadi masikioni, mtoto akabaki chini. Naam, ndivyo ambavyo lingefanya majini, lingeelea lenyewe na mtoto angeponyoka. Hatukupanda boti siku ile, na watoto walilia sana.

Nunueni Kampala jaketi la kipimo cha mtoto wenu, lenye mkanda unaopita katikati ya miguu, na mje nalo. Tena safari za majini zifanyike asubuhi, ukungu ukishaondoka, kwa kuwa alasiri upepo huamka.

Msilazimishe kufika kwa siku moja. Kutoka Kampala hadi Kabale ni zaidi ya kilomita 400, nanyi mnaanzia Jinja, kilomita 80 nyuma yake. Laleni hapa Mbarara. Watoto watapumzika kwanza Kayabwe, kwenye mstari wa Ikweta, kisha Lukaya mtapata nyama choma na gonja dirishani mwa gari.

Mwalimu Mstaafu

Ndugu Baba wa Watatu, kwa habari ya Bwindi nasikitika kukuambia kwamba binti yako atasubiri mwaka mmoja, maana sheria ya kuwafuata gorila hairuhusu mtu aliye chini ya miaka 15, na haina msamaha kwa aliyebakiza miezi. Mwambieni mapema, kabla hamjaondoka nyumbani, ili asije akaipata habari hiyo njiani.

Badala yake mpelekeni kisiwa cha Bwama. Mwaka 1931 daktari mmisionari Mwingereza, Leonard Sharp, alianzisha katika kisiwa hicho makazi ya wagonjwa wa ukoma, wakati ambapo mgonjwa wa maradhi hayo alikimbiwa hata na jamaa zake. Walilima, walisali, walioana na kuzikana humo. Leo panasomwa shule mahali pale pale, na asubuhi utawaona wanafunzi waliovaa sare wakivuka kwa mtumbwi wa gogo, mabegi yao yakiwa magotini.

Mtakapopita mtaiona pia Akampene, kisiwa kidogo chenye nyasi na mti. Huko ndiko zamani wasichana waliopata mimba kabla ya ndoa walikopelekwa na kuachwa wafe kwa njaa, au wazame wakijaribu kuogelea. Wengine waliokolewa na vijana waliokosa ng'ombe wa mahari, waliokuja kuwachukua wawe wake zao. Waendesha boti husimulia habari hii haraka, wengine kwa kicheko, na jambo hilo huniumiza kila mara. Binti wa miaka 14 ana haki ya kuisikia kwa mdomo wa mama yake au bibi yake, kwa utulivu, usiku mmoja kabla, aulize anayotaka kuuliza. Wale walikuwa wasichana wa rika lake.

Kwa yule wa miaka 9, mwambieni kwamba jina Bunyonyi linatokana na neno la ndege katika Rukiga, lugha ya Wakiga wa huko, enyonyi, nalo ni ndugu wa neno letu la kale la Kiswahili, nyuni. Mpeni daftari aandike kila ndege atakayemwona, akianza na korongo taji, ambaye yuko katikati ya bendera yetu ya taifa.

Baba wa Watatu, Jinja

Nawashukuruni mno. Nimemsomea mke wangu majibu yote na tumekubaliana kulala ukingoni. Jaketi la mtoto nitalitafuta wiki hii, na habari ya Akampene mama mkwe amesema ataisimulia yeye mwenyewe. Limebaki swali moja: sisi tukiwa majini, yeye atashinda na nini, na ataweza kula nini?

Mkiga wa Mjini

Chakula kisikusumbue. Viazi vyetu vinaliwa hadi Kampala, maharage yapo, na uji wetu wa mtama, obushera, ataupenda, ila aulize kama ni mtamu au umechacha, kwa sababu ule uliokaa siku kadhaa una nguvu. Waambieni wapishi wapunguze chumvi. Wapo pia kamba wadogo wa ziwani, ambao si wa asili ya hapa bali waliletwa, nao huliwa na mchuzi.

Siku ya soko la Rutinda mpelekeni gatini akae kivulini. Mitumbwi huja imejaa makabichi, mtama na mbuzi, na akina mama wa rika lake watamsalimu hata kama hawaelewani lugha. Nami nina hakika hatarudi chumbani kabla ya saa nane. Dawa zake zikae katika mkoba wa mkononi, wala zisifungwe na mizigo juu ya gari. Kabla hamjalipa chumba, pigeni simu muulize ngazi ni ngapi kutoka gari linapoegeshwa hadi kitandani, na ngapi kutoka kitandani hadi mezani. Wakijibu kwamba ni chache tu, waombeni wazihesabu.