Mwaka 1964: Mapinduzi, maasi ya Colito au Muungano, kipi kiliigeuza nchi hii zaidi?

Mwana Lugalo
Wakuu, kila Januari tunaongelea Mapinduzi, kila Aprili tunaongelea Muungano, ila kilichotokea hapo katikati watu wanakiruka. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles pale Colito (Lugalo ya leo) waliwakamata maofisa wao Waingereza, wakawapakia ndege kwenda Nairobi, wakaingia mjini. Walitaka mshahara uongezwe na maofisa wawe Waafrika. Mwalimu akafichwa siku mbili, waziri wake wa mambo ya nje Kambona ndo akabaki anaongea na wenye bunduki. Tarehe 25 makomandoo wa Uingereza wakashuka na helikopta kutoka meli ya HMS Centaur, maasi yakaisha asubuhi ile ile.

Sasa angalieni kilichofuata. Tarehe 28 Mwalimu anatangaza tume ya chama kimoja chini ya Kawawa. Februari TFL, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, inafutwa, inakuja NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi wote, na katibu mkuu wake ni Kamaliza ambaye ndo huyo huyo waziri wa kazi. Septemba mosi jeshi jipya, vijana wengi wametoka TANU Youth League. Mfumo huo tumekaa nao mpaka 1992. Kwa hiyo mi nasema maasi. Mapinduzi ya Zanzibar ilikuwa kazi ya usiku mmoja ya Mganda mmoja na watu wenye mapanga, yaligeuza visiwa tu.

Binti Mchangani
"Mganda mmoja na watu wenye mapanga"?? Umeandika vizuri kote halafu hapo mwisho ukatutukana. Mie babu yangu alikuwa chama cha Afro-Shirazi (ASP) toka mwanzo, kura ya Julai 1963 ASP ilipata zaidi ya nusu ya kura zote, asilimia 54, ikapewa viti 13 katika 31. Wenye kura chache wakaunda serikali, Shamte akawa waziri mkuu, Desemba 10 wakapewa uhuru na Sultani juu yake. Hayo ndiyo yaliyozaa Januari 12, siyo Mganda. Watu walikuwa wamejaa hasira miaka na miaka ya mashamba na ubaguzi, wewe unatuletea panga.

Fundi Mitambo
Dada bila huyo Mganda, Okello, usiku ule hakuna kitu, tuseme ukweli. Nani alikuwa anatangaza redioni? Nani alijiita Field Marshal? Karume mwenyewe mnabishana mpaka leo alikuwa wapi usiku ule, na Abdulrahman Babu wa chama cha Umma alikuwa Dar.

Binti Mchangani
Kutangaza redioni ndiyo kuongoza? Silaha zilichukuliwa Ziwani na Mtoni kwenye vituo vya polisi, na waliozichukua ni vijana wa hapa hapa, wengine walikuwa askari polisi walioachishwa kazi. Hao hawana majina kwenye midomo yenu kwa sababu hawakupiga kelele redioni.

Mpemba Halisi
Mimi nawasikiliza nyote wawili mnagombania nani apewe sifa. Kuna watu walizikwa bila majina wiki ile, Waarabu, Wahindi, na Waafrika waliokuwa upande wa chama cha Hizbu. Idadi yao hakuna aliyewahi kuitoa kwa haki, kila mtu anataja ile inayomfaa. Na Okello alipokuja kwetu Pemba watu walicharazwa bakora na kunyolewa ndevu hadharani. Kama mnataka kuuliza nini kiligeuza nchi waulizeni na wale ambao nchi iligeuka ikawaangukia.

Fundi Mitambo
Hayo ya Pemba sijakataa. Nilichosema ni kwamba Okello alikuwepo na akafutwa kwenye historia. Alisafiri kwenda bara, Machi alipotaka kurudi Zanzibar akakataliwa kuingia. Miezi miwili tu! Mtu aliyewapa nchi! Baadaye akaishia Uganda, akapotea wakati wa Amin.

Binti Mchangani
Aliyewapa nchi. Haya basi.

Mzee wa Tabora
Vijana, habari zenu. Mmemwacha mleta mada peke yake na hoja yake ni nzito, nami nina la kumsahihisha. Maasi hayakuwa Colito peke yake, kikosi cha pili hapa Tabora nacho kiliasi siku iliyofuata, na Nachingwea vilevile. Halafu ndugu yangu Lugalo unavitenganisha vitu visivyotengana. Kwa nini Dar ilikuwa wazi usiku ule? Kwa sababu siku chache kabla, serikali ilipeleka kikosi cha polisi Zanzibar kusaidia kutuliza hali baada ya mapinduzi. Polisi ndo wangeweza kuwazuia wale askari. Wameondoka, askari wa Colito wanawaona wenzao wa visiwani wameangusha serikali kwa usiku mmoja, na wao wana kinyongo cha mshahara toka uhuru. Hilo panga unalolidharau ndilo lililofungua mlango wa Colito.

Mwana Lugalo
Shikamoo mzee. Hapo nakubali yalichochea, ila chanzo kilikuwa kambini. Miaka miwili baada ya Uhuru bado brigedia ni Mwingereza, Sholto Douglas, na mwezi huo huo wa Januari Mwalimu alikuwa katoka kutangaza kwamba ajira serikalini haitaangalia tena rangi, raia wote sawa. Kwa Mwalimu ilikuwa ni haki. Kwa sajenti aliyeona kijana mzungu anampita cheo kila mwaka ilisikika kama mlango umefungwa. Na kuna la viongozi wa vyama vya wafanyakazi, wengi walikamatwa baada ya maasi wakidaiwa walikuwa na njama na askari. Ndo pale vyama huru vya wafanyakazi vilikufa, na nasema kwa uchungu kwa sababu mpaka leo mfanyakazi wa nchi hii anaogopa kugoma.

Mwalimu Chuma
Uongo huo. Wale askari walitaka kumpindua Nyerere, wasingempeleka waziri wa mambo ya nje kuongea nao kama ni mshahara tu.

Mwana Lugalo
Kambona alikuwa pia waziri wa ulinzi, ndo maana alikwenda. Na wangekuwa wanataka kupindua, siku ile waliyoushika mji wangetangaza serikali yao. Hawakutangaza. Kiongozi wao Sajenti Ilogi aliishia kufungwa miaka 15, angekuwa ni mpinduzi angenyongwa.

Mwalimu Chuma
Wenye bunduki wako mitaani, Kariakoo maduka yanavunjwa, watu wanakufa, wewe unaita mgomo wa mshahara. Mnawatetea sana waasi humu.

Mtoto wa Lanet
Wakenya pia tuko hapa. Hiyo wiki ilishika kila mtu, Jinja kule Uganda tarehe 23, sisi Lanet hapa Nakuru tarehe 24, wote wanaitisha mshahara na maofisa wao. Jomo na Obote nao wakaita Waingereza. Tofauti ni kile kila mtu alifanya baadaye. Kenya iliweka mkataba wa ulinzi na Uingereza, Obote akawapatia askari karibu yote walitaka, na mnajua vile Uganda iliishia na jeshi. Nyerere pekee ndiye alivunja jeshi lote akaanza upya. Huyo mzee wenu aliona mbali, niamini mimi niliyekulia karibu na kambi.

Fundi Mitambo
Asante jirani. Ila aliona mbali akiwa ameita mkoloni aje kumuokoa, hata yeye mwenyewe alisema ni aibu.

Mzee wa Tabora
Alisema ni aibu, na ndiyo maana Februari akaita kikao cha OAU (umoja wa nchi za Afrika) pale Dar, Waingereza wakaondoka, Aprili wakaja wanajeshi wa Nigeria wakalinda mpaka Septemba. Kiongozi wa siku hizi angeficha aibu yake.

Binti Mchangani
Ngojeni. Aprili ni Wanigeria wanalinda bara?

Mzee wa Tabora
Ndiyo mwanangu.

Binti Mchangani
Na hati za Muungano zimetiwa saini Unguja Aprili 22! Yaani siku Zanzibar inakabidhi ulinzi kwenye yale mambo 11 ya Muungano, mshirika wake hana hata jeshi. Halafu tunaambiwa visiwa ndivyo vilivyokuwa dhaifu vikahitaji kulindwa. Hili mbona halisemwi kokote?

Fundi Mitambo
Dada usigeuze. Tanzania imezaliwa Aprili 26, jina na kila kitu, kwa hiari ya pande zote mbili, mbona mnataka kila uzi uwe kero za Muungano.

Mpemba Halisi
Jina limekuja Oktoba. Aprili ilikuwa Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar. Na hiyo hiari ya pande zote mbili tuoneshe siku Baraza la Mapinduzi lilipoziridhia hizo hati, maana hata aliyekuwa mwanasheria mkuu wetu, Dourado, alisema hazikuridhiwa. Mambo yalikuwa 11, leo kwenye Katiba yako 22. Aliyeyaongeza si Okello.

Fundi Mitambo
Mnanufaika nayo hayo 22.

Mpemba Halisi
Taja moja. Mafuta na gesi?

Mwana Lugalo
Naomba nimjibu Binti kwanza maana ndo amegusa mada. Ni kweli, Aprili bara haikuwa na jeshi la maana, na kwa maoni yangu hiyo ni sababu mojawapo Mwalimu aliharakisha. Alikuwa ameshaona serikali inavyoweza kuanguka kwa usiku mmoja, Unguja na kwake mwenyewe, na Wajerumani Mashariki wako Zanzibar, Wamarekani wana wasiwasi, angekaa kungoja nini? Kwa hiyo Muungano wenyewe ninauweka ndani ya maasi. Bila Colito usingekuja kwa haraka ile.

Binti Mchangani
Na bila Januari 12 isingekuja Colito, mzee ameshakueleza. Futa lile neno la Mganda na mapanga halafu tuendelee kuzungumza.

Mwana Lugalo
Okello alikuwa Mganda dada, nifute nini?

Mtoto wa Lanet
Alikuwa wa kabila la Lango, na kabla aje kwenu alifanya kazi Kenya...

Binti Mchangani
Basi mie nimemaliza.

Fundi Mitambo
Kumbe alipitia Kenya? Hebu eleza hapo mkuu.