Breki za gari ya kila siku na mbio za wikendi

Wasee habari zenu. Niko na Impreza ya kupeleka watoto shule kila asubuhi kupitia Thika Road, na wikendi mojamoja naipeleka Athi River kukimbia. Juzi raundi ya nne pedo ikaenda mpaka chini, laini kama sponji, nikaogopa sana. Ninunue kalipa kubwa (zile zinabana pedi za breki) ama?

Jibu: Pole sana ndugu. Wacha kalipa kwanza, hiyo ni oili ya breki imechemka. DOT 4, aina ya oili ya breki, ikiwa mpya haifai kuchemka chini ya nyuzi 230, lakini ikishavuta unyevu inaweza shuka mpaka 155 hivi, so mwaga yote, weka mpya, alafu utoe hewa kwa laini za breki, gurudumu moja moja.

Jibu: Pedi pia uangalie, lakini usiweke za mbio kabisa, asubuhi na baridi ya Julai hazishiki poa mpaka zipate moto na uko na watoto ndani.

Muulizaji: Asanteni. Nimefungua kikopo saa hii, oili ni nyeusi tititi.

Jibu: Basi imezeeka, usishuke nayo ule mteremko wa Mai Mahiu kabla ubadilishe, tafadhali.