Yule jamaa wa steshenari amekivuta Kimondo cha Mbozi mpaka kimekuwa chapati

Wakuu, kamwene. Nimetoka pale sasa hivi na mikono bado inatetemeka. Simtaji jina, sina sababu ya kumtaja. Yeyote aliyewahi kuchapisha ripoti ya fildi hapa Mbeya anamjua. Yule yule mwenye karatasi mlangoni "TUNAREKEBISHA PICHA ZA AINA ZOTE". Mmeshamjua.

Ripoti ni ya vivutio vya Nyanda za Juu Kusini, kurasa 42, picha 31. Kazi aliyopewa ni hii tu: picha ya kimondo iliyoko ukurasa wa 9 ipunguzwe kidogo, ili maelezo yake yaliyorukia ukurasa wa 10 yarudi chini ya picha. Basi. Kazi ya sekunde kumi. Unabofya picha, unashika kiduara cha kona, unasukuma ndani.

Cha KONA. Ukibofya picha kwenye Word inakuonyesha viduara vinane: vinne viko kwenye kona, vinne viko katikati ya kingo. Vya kona vinapunguza urefu na upana kwa pamoja, picha inabaki na sura yake. Vya katikati vinavuta upande mmoja tu, huo mwingine unabaki ulivyokuwa. Mtoto wa darasa la nne akionyeshwa mara moja hasahau mpaka anazeeka.

Yeye kashika cha katikati. Upande wa kulia. Kavuta. Kavuta mpaka picha imegonga pambizo. Halafu akaona haitoshi, akashika cha katikati kule chini, akakisukuma juu. Akageuza kiti, akasema: "Sasa imekaa vizuri."

Imekaa vizuri!

Kimondo kile ni pande la chuma lililotoka angani. Kina urefu wa mita tatu hivi na kimo cha mita moja hivi. Wanasayansi wanakijua tangu 1930, na muda wote huo hakuna aliyeweza kukibonyeza. Kimepita kwenye moto wa anga, kikagonga ardhi, kikabaki na umbo lake. Kimekuja kushindwa na kipanya cha yule bwana. Sasa kimelala ukurasa wa 9 kama chapati iliyokaliwa. Mwongoza watalii aliyesimama kando yake amekuwa mfupi na mpana kama kabati la vyombo, kofia imefika mabegani.

Akaambiwa arudishe, akajibu: "Hii ndiyo Word, picha lazima zivutike." Na bei ikabaki ile ile.

Amerusha pia mstari wa "Picha 7" ukahamia juu ya jedwali, hilo nalisamehe. Amebadilisha fonti ya kichwa cha sura ya tatu bila kuulizwa, hilo pia nalisamehe. Lakini kile kiduara cha katikati, hapana. Kulia, akavuta. Chini, akasukuma. "Sasa imekaa vizuri." Mtu wa namna hiyo haruhusiwi kushika hata kipanya kisichounganishwa.

#2 parachichi_la_Njombe
Mkuu, wewe ulikuwa umesimama nyuma yake muda wote huo? Amevuta kulia umetazama, amesukuma juu umetazama, umesubiri mpaka ageuze kiti? Ctrl+Z ipo mkono wa kushoto wa kibodi, haihitaji kibali cha mwenye duka. Mbili tu, kimondo kinarudi.

#3 mwalimu_Uyole
Poleni. Tuache lawama kidogo, hiyo picha inatibika. Kuvuta hakuharibu picha yenyewe, kunabadilisha vipimo vya kuionyesha tu. Bofya picha, nenda kichupo cha picha kule juu, tafuta kitufe cha "Reset Picture", bonyeza kimshale chake uchague "Reset Picture & Size". Itarudi na uwiano wake, pengine kubwa mpaka ijaze ukurasa, usiogope. Hapo fungua dirisha la saizi, hakikisha kuna tiki kwenye "Lock aspect ratio", andika upana sentimita 12. Kama ni picha ya simu ya kawaida ya nne kwa tatu, urefu utajiandika wenyewe 9. Usiuguse.

Ukitaka ushahidi, kabla hujarudisha angalia kwenye dirisha hilo hilo asilimia za urefu na upana. Zinatakiwa kulingana. Zikitofautiana, kuna mtu ameshika kiduara cha katikati.

#4 (mwenye uzi)
Nimeangalia mwalimu. Urefu 5%, upana 11%. Mmeona wenyewe? Zaidi ya mara mbili! Na huyu mtu akasema imekaa vizuri. Akiwa amekaa mwenyewe! Ctrl+Z ningeibonyezaje na amekumbatia kibodi kama mtoto wake?

#5 Mnyalu_wa_Kihesa
Afadhali chapati, chapati inaonekana. Huku Iringa, kwenye ripoti, zile nguzo za asili za Isimila zimebaki nyayo tu. Picha nane, zote zimekuwa ukanda mwembamba wa milimita tano, unaona mchanga wa chini, nguzo yenyewe haipo. Jamaa wa huku akadai faili lina virusi, akataka hela ya kusafisha.

Hakuna virusi. Hati ilikuwa imewekwa nafasi ya mistari ya "Exactly", pointi 18. Ukiweka hivyo, Word inaupa kila mstari pointi 18 kamili, na picha iliyo ndani ya mstari inahesabiwa kama herufi moja ndefu. Kinachozidi pointi 18 kinafichwa, kinabaki kile cha chini. Bofya picha, bonyeza Ctrl+1, nguzo inasimama. Ctrl na moja! Mtu anataka hela ya virusi kwa Ctrl na moja!

#6 binti_wa_Rungwe
Mnyalu, naomba nikae hapo hapo kwako. Yule yule wa kwenye uzi, pale pale, aliweka picha za ripoti nyingine zote "In Front of Text". Zote! Ukiongeza sentensi moja kwenye utangulizi, Daraja la Mungu, lile la mwamba la asili, linahama Mto Kiwira linaenda kukaa juu ya shukrani. Ukifuta sentensi, linarudi lakini linafunika jedwali.

Kaka zangu, picha ya namna hiyo inaelea, ila imefungwa na nanga kwenye aya fulani. Ibofye utaiona alama ya nanga pembeni. Aya ikisogea, picha inaifuata. Aya ikifutwa yote, picha inafutika nayo, na hapo ndipo watu wanalia kwamba Word imekula picha. Kwa ripoti dawa ni moja: "In Line with Text". Picha ikae kwenye aya yake peke yake, Ctrl+E iende katikati, halafu kwenye mipangilio ya aya weka tiki ya "Keep with next" ili isiachane na maelezo yake. Hiyo tiki ndiyo ingemaliza shida ya ukurasa wa 9 na wa 10. Picha na maelezo vingehama pamoja, hakuna haja ya kupunguza chochote.

#7 parachichi_la_Njombe
Kwa hiyo picha haikuhitaji hata kuguswa. Mwenye uzi umepeleka mgonjwa mzima hospitali.

#8 (mwenye uzi)
Hata kama haikuhitaji! Mtu akiombwa apunguze, anapunguza. Kwenye kona!

#9 baridi_ya_Makete
Naona mnamwonea. Nina hakika picha zenyewe zililetwa kwa WhatsApp. Simu ya megapikseli 12 inapiga picha ya pikseli 4000 kwa 3000. Ukiituma WhatsApp kama picha, inabanwa, inafika sehemu ndogo tu ya ile. Watu wanaipokea, wanaivuta ijaze ukurasa, ikitoka ukungu wanasema printa mbovu. Tuma kama dokumenti, ile alama ya karatasi, siyo alama ya picha. Inafika kama ilivyopigwa. Na ukipiga skrini ya picha badala ya kuhifadhi picha yenyewe, hapo sitaki hata kukusikia.

#10 mchapaji_Kabwe
Nafanya kazi hii na nimewavumilia tangu juu. Mnaleta fleshi ina hati ya picha 31, kila moja megabaiti nne. Hiyo ni zaidi ya megabaiti 120. Kompyuta inaganda, foleni iko mpaka barabarani, mteja anasema "harakisha nawahi gari". Ndiyo maana tunabana picha.

Ila tubane kwa akili, hapo nakubali. Karatasi ya A4 ina upana wa sentimita 21, ukitoa pambizo za 2.54 kila upande inabaki karibu 16. Kwa kuchapa, pikseli 220 kwa inchi zinatosha, maana yake picha ya kujaza upana huo inahitaji kama pikseli 1400. Zile nyingine zote ni mzigo. Chagua "Compress Pictures", weka 220, maliza. Anayechagua 96, ile ya barua pepe, ndiye anayewatolea picha za vumbi. Na ukishabana ukahifadhi, ukafunga faili, hakuna kurudi. Kwa hiyo mwenye uzi rudisha kwanza uwiano wa kimondo, ndipo ubane. Na weka nakala ya kwanza kando kabla ya yote.

Jambo jingine ambalo watu hawalijui, na linaniuma. Ukikata picha kwa ile zana ya kukata, kilichokatwa bado kimo ndani ya faili. Mtu anakata picha ya kitambulisho abakize sura tu, anatuma hati kwa watu, namba zake zote zimo humo humo. Atakayeipokea akiburuta ule ukingo kuurudisha, anaziona. Kwenye dirisha la kubana kuna tiki ya "Delete cropped areas of pictures". Weka hiyo tiki.

#11 Mnyalu_wa_Kihesa
Mchapaji umesema kweli. Na waliopoteza picha za asili msikate tamaa: nakili hati, badilisha mwisho wa jina kutoka .docx kuwa .zip, ifungue, ingia folda ya word halafu media. Picha zote zimo, zimepangwa image1, image2. Ukikuta tayari ndogo, ujue mbanaji alishapita.

#12 chai_ya_Mufindi
Mnaongelea maumbo, mimi naongelea RANGI. Kurasa 18 za mashamba ya chai, zote zimetoka BLUU. Chai ya Mufindi, bluu! Unaona vilima kama bahari ya Hindi imehamia Iringa. Jamaa anakwambia "ni mwanga wa jioni huo". Jioni gani ya saa tano asubuhi?

Kijani kwenye printa hakina wino wake. Kinatengenezwa kwa bluu-maji na njano. Njano ikiisha au matundu yake yakiziba, kijani chote kinageuka bluu, nyekundu inageuka waridi. Kabla ya kuchapa kurasa 18 za rangi unachapa ukurasa mmoja wa kupima matundu. Mistari ya njano ikikatika, unasafisha kichwa cha printa chenye matundu hayo, unapima tena. Ukurasa mmoja!

#13 binti_wa_Rungwe
Usiniambie. Kwetu ndizi zimetoka bluu pia, zile za kijani. Zilizoiva zimetoka nyeupe kabisa, kama sabuni.

#14 mchapaji_Kabwe
Njano haionekani vizuri kwenye karatasi nyeupe, ndiyo maana watu hawagundui mapema kama imeisha. Weka karatasi hiyo ya kupima chini ya taa ya bluu, mistari ya njano inaonekana nyeusi. Na msisafishe kichwa mara tano mfululizo, kila usafi unakunywa wino wa rangi zote. Safisha mara mbili, iache saa kadhaa, pima tena. Printa kukaa wiki bila kuchapa ndiko kunakokausha wino. Chapeni hata ukurasa mmoja wa rangi kila baada ya siku chache.

#15 (mwenye uzi)
Jamani, tulikuwa kwenye kimondo. Kashika kiduara cha katikati. Upande wa kulia.

#16 baridi_ya_Makete
Mchapaji, wino wa njano wa chupa unauziwa upande gani pale Mwanjelwa, wa ndani ya soko au wa barabarani? Wa juzi ulikuwa mwepesi kama maji ya manjano.

#17 chai_ya_Mufindi
Na mimi naomba jibu hilo. Kurasa 18 zinasubiri.

#18 mchapaji_Kabwe
Angalieni namba ya wino kwenye kibandiko cha chupa, ilingane na iliyoandikwa kwenye tangi la printa yako. Msinunue kwa rangi ya kifuniko. Na ukijaza, usichanganye na mabaki ya wino wa aina nyingine.

#19 chai_ya_Mufindi
Tangi langu namba imefutika. Nitaipata wapi?