Kijerumani cha dukani na kwa daktari: nianzie wapi kabla kozi haijaanza?

Tausi_Mgeni

Habari zenu wakuu. Niko Leipzig, nimekuja kwa viza ya kumfuata mume wangu. Cheti cha Kijerumani cha A1, ngazi ya kwanza, ninacho, nilikisomea nyumbani. Kusema nasema: naomba mkate, naomba tiketi, ahsante. Balaa linaanza pale mtu anaponijibu. Juzi duka la mikate nimeagiza vizuri kabisa, muuzaji akanirushia swali fupi kwa kasi, nikabaki namtazama huku foleni nyuma yangu inakohoa.

Integrationskurs, ile kozi ya lugha na maisha ya huku kwa wageni, nimeshaandikishwa Volkshochschule (chuo cha elimu ya watu wazima), nasubiri kundi lijae. Mume wangu yuko zamu za usiku, mchana amelala, kwa hiyo simu za daktari na barua zote ni juu yangu. Nisome nini kwanza? Na tafadhali msiniambie tu "pakua programu".

Nesi_wa_Zamu

Karibu Sachsen, mdogo wangu. Mimi ni nesi, jimbo hilohilo, ni mwenyeji sasa.

Vitabu vya A1 vinakufundisha kuuliza, kumbe huku mtaani wewe ndiye unayeulizwa. Kwa hiyo geuza kibao: usikariri maombi yako, kariri maswali yao. Ni machache na hayabadiliki. Duka la mikate utasikia "Sonst noch was?", yaani kuna kingine? Unajibu "Nein danke, das wär's." Ukinunua mkate mzima, "Geschnitten?", ukatwe? Kahawa, "Zum Mitnehmen?", unaondoka nayo? Supamaketi ni kama unakusanya pointi, kama unataka risiti ("Bon"), na "Bar oder mit Karte?", taslimu au kadi? Haya mawili ya kwanza jibu "Nein, danke" uendelee na safari. Kama una nafasi, simama pembeni kidogo usikilize wateja watatu wanne kabla ya kuingia foleni. Hakuna kozi inayofundisha hivyo.

Sasa simu ya daktari, maana hapo ndipo watu wanapokata simu wakalia. Anayepokea ana haraka, lakini anafuata njia moja: "Waren Sie schon mal bei uns?" (umewahi kuja kwetu?), "Worum geht es?" (shida nini?), "Gesetzlich oder privat versichert?" (bima ya umma au ya binafsi?). Mumeo akiwa kwenye bima ya umma na wewe umeandikishwa humo, jibu ni "gesetzlich". Halafu jina, na utaambiwa ulitaje herufi kwa herufi. Andika jina lako kwenye karatasi na chini ya kila herufi andika inavyotamkwa huku. J ni "yot", W ni "ve", V ni "fau", Y ni "ipsilon", Z ni "tset". Majina yetu yamejaa herufi hizo. Na ukiwa sebule ya kusubiri, kumbuka wao J wanaisoma Y: akiitwa "Frau Yuma" na wewe ni Juma, inuka, ni wewe. Nimeona wagonjwa wamepitwa na zamu wakiwa wamekaa palepale.

Mwisho wa simu unapewa saa, na hapa sisi Waswahili tuna mtego wa peke yetu. "Halb drei" ni saa nane na nusu, si tisa na nusu. Wanahesabu nusu ya kuifikia saa tatu yao. Hapa Sachsen wanaongeza na "viertel drei", ambayo ni saa nane na robo, na "dreiviertel drei", saa tisa kasorobo. Usipige hesabu kichwani ukiwa kwenye simu. Rudia kwa saa za kituo cha treni, zile za kuhesabu hadi 24: "Also vierzehn Uhr dreißig?" Akisema "genau", yaani sawasawa, umemaliza.

Ukiugua usiku au wikiendi na si hatari ya kufa, namba ni 116117. Mtu akishindwa kupumua au akianguka, 112. Hapo taja mtaa na namba ya nyumba kwanza, sarufi achana nayo.

Fundi_Bomba

Nesi kasema yote, mimi naongeza barua na treni. Barua ikija kwenye bahasha ya njano, bahasha yenyewe usiitupe: tarehe aliyoandika mleta barua juu yake ndiyo muda wako unaanzia kuhesabiwa. Ndani tafuta neno "Frist" (muda wa mwisho) au "bis zum" (hadi tarehe), uone tarehe, mengine utatafsiri jioni. "Mahnung" maana yake kuna deni hujalipa, usilale nayo.

Treni: "fällt aus" haipo kabisa, "heute von Gleis..." imehamia njia nyingine, na ukisikia "Schienenersatzverkehr", yaani mabasi badala ya treni, toka nje utafute basi lenye herufi SEV.

Mkaa_Bavaria

Mimi napingana kidogo na Nesi. Ukikariri majibu unakuwa kasuku, siku swali likibadilika umekwama. Bora ujue sentensi ya kujiokoa: "Können Sie das bitte langsamer sagen?", yaani unaweza kusema polepole zaidi? Wengi wakisikia lafudhi yako wanahamia Kiingereza, unawaambia "Auf Deutsch bitte, ich lerne noch", kwa Kijerumani tafadhali, bado najifunza. Wanafurahi. Na watu wazima usiowajua wape "Sie", "wewe" ya heshima, mpaka wenyewe wakwambie "du", ile ya kawaida. Kuhusu programu, najua umekataa, ila vhs-Lernportal ni bure na ni ya hao hao Volkshochschule.

Nesi_wa_Zamu

@Mkaa_Bavaria ukasuku wa mwezi wa kwanza hauna ubaya, kaka. Kozi ina vipindi 600 vya lugha na 100 vya sheria na maisha ya huku, ataelewa tu. Kwa sasa anatakiwa anunue mkate. Ila ya "langsamer" nakubali, mdogo wangu iandike juu kabisa ya karatasi yako.

Tausi_Mgeni

Shikamoo dada Nesi, na ahsanteni wote. Karatasi ya herufi nimeshaibandika ukutani karibu na simu. Kumbe ndiyo maana walikuwa wananiandika jina kwa G! Sasa kwenye "Worum geht es?", mimi naenda kupima damu tu, siumwi. Nisemeje?

Nesi_wa_Zamu

Marahaba. "Ich brauche einen Termin zur Blutabnahme." Usiongeze kitu. Uliza na "Muss ich nüchtern kommen?", nije bila kula? Wakisema ndiyo, asubuhi hiyo usile wala usinywe chai mpaka watoe damu, maji matupu ruksa. Kitafunwa weka kwenye mkoba.