Naombeni ushauri: mteja mmoja anabeba nusu ya ofisi, provisheni (tengo la hasara ya mikopo isiyolipwa) hataki kuigusa

Wakuu habarini, hasa nyie mlio kwenye odit (ukaguzi wa hesabu). Niko kwenye femu ndogo hapa Dar, mteja wetu mkubwa ni kampuni ya mikopo na ada yake ni karibu nusu ya mapato ya ofisi. Sasa kwenye mafaili yake nimekuta mikopo kibao imepita siku 90 bila marejesho, mingine hata dhamana haieleweki, kwa IFRS 9 (kiwango cha kimataifa cha uhasibu kinachohusu mikopo) hapo provisheni ilitakiwa ipande na faida ishuke, lakini menejimenti wanasema wateja watalipa tu mwakani na bosi wangu kakubali hivyohivyo, kaniambia tukimuudhi huyu mishahara itatoka wapi.

Mimi roho inaniuma maana kuna watu watawekeza hela zao wakiamini hizo hesabu. Enron, kampuni ya nishati ya Marekani, mwaka 2000 iliwalipa wakaguzi wake Arthur Andersen dola milioni 52, 25 za odit na 27 za kazi nyingine, na wote tunajua ilivyoishia, zote mbili zilianguka.

Kanuni za maadili za IESBA (bodi ya kimataifa ya maadili ya wahasibu) zinaweka mpaka wa ada ya mteja mmoja kuwa 15% ya ada zote za femu kwa miaka 2 mfululizo kwa kampuni zenye maslahi ya umma, zingine ni 30% kwa miaka 5. Je kampuni ya mikopo inaangukia wapi? Na nikiandika msimamo wangu kwenye faili la kazi inatosha kunilinda, au niende moja kwa moja NBAA (bodi ya wahasibu na wakaguzi Tanzania)? Aliyewahi kupitia hili anisaidie, ripoti inasainiwa wiki ijayo.