Picha ya Kapteni Burnaby (Tissot, 1870): ile ramani ukutani ina maana gani?

Mdau wa Picha
Habari zenu wadau. Naomba msaada kuisoma picha ya Kapteni Frederick Burnaby iliyochorwa na James Tissot, iliyopo National Portrait Gallery, London. Kijana kajinyoosha kwenye kochi, sigara mkononi, nyuma yake ramani ya dunia. Nimeambiwa ramani hiyo inatabiri kifo chake Sudani. Hainiingii akilini, ila hoja ya kujibu sina.

Kalamu na Rangi
Utabiri uweke kando, mkuu. Burnaby aliuawa Abu Klea, huko Sudani, tarehe 17 Januari 1885, jeshi la Uingereza likienda kumwokoa Jenerali Gordon aliyezingirwa Khartoum. Hata safari ya Khiva, mji wa Asia ya Kati, iliyompa jina aliifunga mwanzoni mwa 1876. Tissot anashika brashi, hayo yote bado. Mbele yake yuko kapteni wa miaka 28, mpenda safari, basi.

Anza na ule mstari mwekundu wa suruali. Ufuate kutoka nyongani hadi kwenye buti. Unakata sehemu kubwa ya picha, na ndio unaokuonyesha urefu wa jamaa, aliyepita futi 6, ilhali ubao uliochorewa picha una upana wa sentimita 60 hivi tu. Halafu tazama dirii (vazi la chuma la kifuani) na kofia ya chuma yenye manyoya. Mchoraji mwingine angemvika vyote na kumsimamisha wima kama mlingoti. Tissot kaviweka pembeni ving'ae vyenyewe, kapteni akabaki na sura ya mtu anayepiga soga. Napenda sana uamuzi huo.

Msoma Magazeti
Soga ilikuwepo kweli. Picha iliagizwa na rafiki yake, Thomas Gibson Bowles, aliyeanzisha gazeti la Vanity Fair mwaka 1868. Burnaby alikuwa naye tangu mwanzo, na Tissot akilichorea vikaragosi. Ni marafiki watatu hao.

Lakini Kalamu, ramani umeipita mbio mno. Afisa wa Uingereza wa mwaka 1870 anajilaza na dunia nzima imetundikwa nyuma ya kichwa chake, kwa raha zake, kana kwamba ni ya kwao. Hapo hapahitaji utabiri.

Kalamu na Rangi
Hilo nakubali. Na angalia mabega yalivyolegea: hana wasiwasi hata chembe.

Mdau wa Picha
Asanteni sana. Hoja ya tarehe naondoka nayo, na ya ramani pia.